Izotopu ni nini? Yaliyofichwa ndani ya bati, koltan na dhahabu ya Maniema

Kwenye machimbo ya Kabambare na kwenye vibanda vya wanunuzi wa madini Kasongo, maneno ya «urani» hayaishi. Mtu anakuja na jiwe jeusi, zito, amelifunga ndani ya plastiki mbili tatu. Anasema limekwisha kupimwa, eti kuna mnunuzi toka ngambo anangoja na dola zake. Wengine wanauza mbuzi, wengine kiwanja, ili waingie kwenye biashara hiyo. Upande mwingine kuna wachimbaji wanaolala usiku kucha juu ya mifuko ya koltan, wanakula na mikono yenye vumbi la madini, na hawaoni tatizo.

Wa kwanza wanapoteza mali na wa pili wanaweza kupoteza afya. Jambo linaloeleza pande zote mbili ni moja, nalo linafundishwa katika somo la kemia sekondari: izotopu. Wanafunzi wengi wanalikariri kwa ajili ya mtihani wa serikali, kisha wanalisahau. Lakini kwa watu wa Maniema ya kusini, wanaoishi juu ya bati, koltan na dhahabu, hili si somo la mtihani tu.

JINA MOJA, UZITO MBALIMBALI

Kila kitu kimetengenezwa na atomu. Katikati ya atomu kuna kiini, na ndani ya kiini kuna chembe za aina mbili: protoni na nyutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake. Atomu yenye protoni 79 ni dhahabu, hata iwe wapi duniani. Yenye 50 ni bati. Yenye 73 ni tantali, ile inayotafutwa ndani ya koltan. Yenye 92 ni urani.

Nyutroni hazibadilishi jina, zinaongeza uzito tu. Tuchukue mfano wa depo ya madini: mifuko miwili inaweza kuwa na etiketi ya aina moja, mmoja una kilo 50, mwingine kilo 52. Etiketi inasema ni madini yaleyale, mizani inaonyesha tofauti. Izotopu ziko vile. Ni atomu za elementi moja, zenye protoni sawa, lakini nyutroni zake hazilingani.

Namba inayoandikwa pembeni ya jina, kama urani 235 ao kaboni 14, ni jumla ya protoni na nyutroni. Urani 235 iko na protoni 92 na nyutroni 143. Urani 238 iko na protoni 92 zilezile na nyutroni 146.

Izotopu nyingi ni tulivu, hazibadiliki kamwe. Nyingine si tulivu: kidogo kidogo viini vyake vinavunjika na kutoa mionzi. Hizo ndizo zinazoitwa izotopu zenye mionzi. Muda unaohitajika ili nusu ya atomu zake zivunjike unaitwa nusu-uhai.

Neno lenyewe lilitolewa mwaka 1913 na Frederick Soddy, mwanakemia Mwingereza. Linatoka Kigiriki, maana yake «mahali pamoja», kwa sababu izotopu zote za elementi moja zinakaa ndani ya kisanduku kimoja kwenye tablo la elementi. Mwaka 1919 mwenzake Francis Aston alitengeneza chombo cha kupima uzito wa atomu, akaonyesha kwamba elementi nyingi ni mchanganyiko. Soddy alipata tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1921, Aston ya mwaka 1922.

WINGI WA ASILI: HESABU YA CHUMVI

Mwanafunzi akitazama tablo darasani, anaona klorini imeandikwa 35,5. Anajiuliza: nusu ya chembe inatoka wapi? Hakuna nusu. Klorini iliyo ndani ya chumvi ya jikoni ni mchanganyiko wa izotopu mbili. Katika kila atomu 100, karibu 76 ni klorini 35, na 24 ni klorini 37.

Hesabu yake ni rahisi. 76 mara 35 inaleta 2660. 24 mara 37 inaleta 888. Jumla ni 3548. Gawanya kwa 100, unapata karibu 35,5. Namba ya tablo ni wastani wa mchanganyiko tu, hakuna atomu hata moja yenye uzito huo.

Sehemu hiyo ya kila izotopu, 76 kwa 24, ndiyo inayoitwa wingi wa asili. Ajabu yake ni kwamba karibu haibadiliki. Chumvi iliyotoka bahari ya Hindi na ile iliyochimbwa ardhini zinatoa jibu lilelile. Kwa elementi nyingi tofauti kati ya mahali na mahali ni ndogo sana, vyombo vya kawaida haviioni.

MADINI YA HAPA, MOJA BAADA YA LINGINE

Maniema imejulikana kwa bati tangu wakati wa ukoloni, hasa Kalima katika teritware ya Pangi, na machimbo ya mikono yako pia kusini. Dhahabu inajulikana zaidi Namoya, upande wa Salamabila, teritware ya Kabambare. Kila moja ya madini haya iko na tabia yake.

Bati, linalotoka kwenye kasiterite. Hili ndilo bingwa wa dunia: lina izotopu tulivu 10, hakuna elementi nyingine inayolifikia. Nyingi kuliko zote ni bati 120, karibu asilimia 32,6. Inafuata bati 118, asilimia 24,2, kisha bati 116, asilimia 14,5. Ndogo kabisa ni bati 115, asilimia 0,34. Zote kumi ziko ndani ya kila kijiko cha kasiterite.

Dhahabu. Yenyewe ni kinyume cha bati: iko na izotopu moja tu ya asili, dhahabu 197. Dhahabu ya Namoya, ya Ituri ao ya Afrika Kusini ni atomu zilezile. Kinachofanya bei itofautiane ni uchafu na madini mengine yaliyochanganyika nayo, kama fedha na shaba. Basi anayesema ana dhahabu ya «aina nyingine» yenye nguvu ya pekee, anasema uongo.

Tantali, ndani ya koltan. Asilimia 99,988 ni tantali 181. Kiasi kidogo sana kinachobaki, asilimia 0,012, ni tantali 180. Katika kilo nzima ya tantali safi, hiyo ni gramu 0,12 tu. Kiini chake kiko katika hali ambayo kwa kawaida ingedumu muda mfupi sana, lakini wanasayansi wameifuatilia miaka mingi bila kuiona ikivunjika. Hakuna kitu kingine cha asili kinachofanana nayo, nayo iko hapa ndani ya koltan ya Maniema kama ilivyo ndani ya koltan yote.

Niobi, ndugu ya tantali ndani ya koltan. Izotopu moja tu ya asili, niobi 93.

Wolframu, ndani ya wolframite. Izotopu tano, kubwa kati yake ni wolframu 184, asilimia 30,6.

Kwa kulinganisha na majirani wa Katanga: kobalti iko na izotopu moja, kobalti 59. Shaba iko na mbili, shaba 63, karibu asilimia 69, na shaba 65, karibu asilimia 31.

Kwa hiyo bati, dhahabu, tantali, niobi na wolframu za hapa kwetu zenyewe hazina mionzi ya kuogopesha. Mionzi inayopatikana kwenye koltan inatoka kwa wageni walioingia ndani ya jiwe: urani na thori.

URANI: ASILIMIA 0,72

Urani ya asili, popote inapochimbwa, iko na sehemu tatu. Urani 238 ni asilimia 99,27. Urani 235 ni asilimia 0,72. Urani 234 ni kidogo mno, asilimia 0,005. Ile ya 235 ndiyo inayoweza kuwasha tanuri la nyuklia ao kutengeneza bomu. Katika kilo moja ya urani safi ya asili, ni gramu 7 tu hivi.

Kuzitenganisha ni kazi ngumu, maana kwa kemia zote mbili zinafanana. Hakuna asidi wala moto unaoweza kuchagua moja na kuacha nyingine. Inahitaji viwanda vikubwa vya serikali, mashine maelfu zinazozunguka kwa kasi, na miaka ya kazi. Matanuri mengi ya umeme yanataka urani 235 ifike asilimia 3 hadi 5. Bomu linataka karibu asilimia 90.

Kongo inalijua jambo hili kuliko nchi nyingi. Urani ya Shinkolobwe, huko Katanga, iligunduliwa mwaka 1915, na ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Mwaka 1959 Kinshasa ilipata tanuri la kwanza la nyuklia Afrika, la utafiti, lililoitwa TRICO. Mwaka 2004 serikali ilifunga Shinkolobwe kwa wachimbaji wa mikono. Lakini hata mawe ya Shinkolobwe, yaliyokuwa na urani nyingi kuliko karibu yote duniani, yalikuwa na asilimia ileile ya 0,72. Ilibidi Wamarekani wajenge viwanda vikubwa ajabu ndipo wapate walichotaka.

Mahali pamoja duniani hesabu hiyo ilikosea. Mwaka 1972, kiwandani Ufaransa, mafundi walipima urani iliyotoka Oklo, nchini Gabon, wakakuta 0,717 badala ya 0,720. Tofauti ndogo hivyo iliwafanya wafungue uchunguzi, maana walifikiri kuna iliyoibiwa. Kumbe karibu miaka milioni 2000 iliyopita, zamani urani 235 ilipokuwa bado nyingi zaidi, ardhi ya Oklo ilijiwasha yenyewe kama tanuri la nyuklia na kuila.

«JIWE LA URANI» NA MATAPELI

Sasa turudi kwa yule mtu mwenye jiwe ndani ya plastiki. Kuna mambo manne ya kujua.

Kwanza, uzito si ushahidi. Kasiterite, koltan na wolframite zote ni nyeusi ao kahawia, na zote ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Jiwe zito jeusi katika Maniema, mara nyingi sana ni moja ya hizo.

Pili, jiwe halitoi mwanga wala joto mkononi kwa sababu ya urani. Mionzi haionekani, hainuki, haisikiki. Inajulikana kwa chombo cha kupimia tu, na karatasi ya maabara bila maabara inayojulikana si kitu.

Tatu, hata jiwe lenye urani ya kweli haliwezi kutengenezea mtu bomu, kwa sababu ya ile asilimia 0,72. Hakuna mnunuzi wa kweli anayelipa mamilioni ya dola kwa kilo mbili za mawe. Na ile inayoitwa «zebaki nyekundu», inayotangazwa pamoja na urani, ni hadithi ya matapeli tu. Haipo.

Nne, kushika ao kuuza vitu vya mionzi bila ruhusa ni kosa. Sheria nambari 017/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 ndiyo inayosimamia ulinzi dhidi ya mionzi nchini. Kwa hiyo jiwe likiwa la uongo, umeibiwa. Likiwa la kweli, unaweza kufungwa.

KOLTAN NA AFYA YA MCHIMBAJI

Urani na thori zilizomo ndani ya koltan hutofautiana toka chimbo hadi chimbo. Kiasi chake si cha kuua mtu kwa siku moja. Lakini ndiyo sababu wasafirishaji wanapima mizigo: mionzi yake ikipita bekereli 10 kwa kila gramu, sheria za kimataifa za usafiri zinaihesabu kama mzigo wa daraja la 7, yaani vitu vya mionzi. Bekereli moja ni kiini kimoja kinachovunjika kila sekunde.

Ili mtu asitishike bure, ni vizuri ajue kwamba hata mwili wake una mionzi. Potasi iliyo ndani ya ndizi, maharagi na mihogo iko na potasi 40, asilimia 0,012 tu, nayo ina mionzi. Mtu mzima ana karibu bekereli 4000 za potasi hiyo mwilini mwake siku zote, na anaishi.

Tofauti iko kwenye vumbi na hewa. Urani inapovunjika hatua kwa hatua inazaa gesi inayoitwa radoni. Radoni 222 iko na nusu-uhai wa siku 3,8. Inatoka kwenye mwamba na kujikusanya ndani ya mashimo yasiyopitisha hewa. Duniani, baada ya tumbaku, radoni ni kati ya sababu kubwa za kansa ya mapafu. Tena vumbi la mwamba lenyewe, hata lisipokuwa na mionzi, linaharibu mapafu kwa sababu ya silika.

Kwa hiyo mambo ya kufanya ni haya: kuacha shimo lipitishe hewa, kulowesha mwamba kabla ya kupiga, kufunga pua na mdomo wakati wa kusaga, kunawa mikono kabla ya kula, na kutohifadhi mifuko ndani ya chumba cha kulala, hasa palipo watoto.

ZEBAKI: SUMU BILA MIONZI

Kuna kosa lingine linaloonekana kwenye dhahabu. Mtu anasema: zebaki, ile merkiri, haina mionzi, basi haina hatari. Ni kweli kwamba izotopu saba za asili za zebaki, kuanzia zebaki 196 hadi zebaki 204, zote ni tulivu. Lakini zote saba ni sumu sawasawa. Sumu inatokana na kemia, na kemia haiangalii nyutroni.

Mchanganyiko wa dhahabu na zebaki unapochomwa, moshi unaingia mapafuni, unaharibu mishipa ya fahamu na figo. Mama mjamzito anaipitisha kwa mtoto. Ile inayoanguka mtoni inageuzwa na vijidudu na kuingia ndani ya samaki. Basi kuchoma dhahabu jikoni, kwenye sufuria ya kupikia, ni hatari kubwa kuliko jiwe lolote la «urani» linalozunguka mtaani.

SAA NDANI YA JIWE, NA SWALI LA ASILI YA KOLTAN

Ile urani kidogo ndani ya koltan ina faida pia, kwa sababu inafanya kazi kama saa. Urani 238 inageuka kuwa risasi 206, kwa nusu-uhai wa karibu miaka milioni 4470. Urani 235 inageuka kuwa risasi 207, kwa nusu-uhai wa miaka milioni 704. Ukipima risasi iliyozaliwa na urani iliyobaki, unajua jiwe liliumbwa lini. Ndiyo maana risasi ni kati ya elementi chache ambazo wingi wake wa izotopu unabadilika wazi toka mahali hadi mahali.

Koltan na kasiterite za ukanda wetu, unaoitwa Kibara kwa jina la milima ya Katanga, ziliumbwa karibu miaka milioni 1000 iliyopita. Ofisi ya jiolojia ya Ujerumani, BGR, ilitumia umri huo pamoja na kemia ya punje kutengeneza njia ya kutambua koltan ilikotoka, katika mpango wa nchi za Maziwa Makuu, CIRGL, wa kuhakikisha madini. Etiketi inaweza kuhamishwa toka mfuko mmoja hadi mwingine. Izotopu haziwezi.

Lakini umri peke yake hautoshi. Koltan ya Maniema, ya Kivu na ya Rwanda zote ni za ukanda mmoja, umri wake unakaribiana. Unaweza kutofautisha koltan ya Kibara na ile iliyoumbwa miaka milioni 500 ao 600 iliyopita kwingine Afrika. Kutofautisha chimbo na chimbo jirani kunahitaji kutazama kemia yote ya punje na kulinganisha na sampuli zilizokusanywa kwenye machimbo yenyewe. Kwa hiyo mahali ambapo sampuli hazikuchukuliwa, maabara haina cha kulinganisha, na madini ya hapo hayawezi kutetewa.

TONGONI NA KABONI 14

Izotopu inayojulikana zaidi kwa wasomi wa historia ni kaboni 14. Kaboni ya asili ni karibu asilimia 98,9 kaboni 12 na asilimia 1,1 kaboni 13. Kaboni 14 ni kama atomu moja katika milioni milioni. Nusu-uhai wake ni miaka 5730. Mti ukiwa hai unaipokea toka hewani, ukifa haupokei tena. Kwa hiyo makaa ya zamani yanaweza kutoa umri wake.

Je, inaweza kutoa tarehe za Tongoni, Kasongo ya zamani ya wakati wa Tippu Tip, iliyotekwa na majeshi ya Dhanis mwezi wa nne mwaka 1893? Kwa shida. Kwa vitu vya miaka 300 ya mwisho, kaboni 14 inatoa majibu mengi yanayopishana, kwa sababu kiasi chake hewani kilipanda na kushuka. Kwa Tongoni, shanga, vyungu, maandishi na kumbukumbu za wazee vinasema zaidi. Kwa vijiji vya kale zaidi, kabla ya misafara ya pwani, kaboni 14 inafanya kazi vizuri.

YA KUKUMBUKA

Izotopu ni atomu za elementi moja zenye nyutroni tofauti. Wingi wa asili ni sehemu ya kila moja katika mchanganyiko unaotoka ardhini.

Bati liko na izotopu tulivu 10, dhahabu iko na moja. Urani 235 ni asilimia 0,72 tu ya urani ya asili.

Mionzi ya koltan inatoka kwa urani na thori, na kinga yake ni hewa, maji, usafi, na kuweka mifuko mbali na kitanda.

Jiwe zito jeusi haliwi urani kwa kusemwa. Kabla ya kuuza kiwanja cha watoto, muulize mwenye jiwe limepimwa na nani, kwa chombo gani, na kwa nini mnunuzi tajiri hivyo anahitaji pesa zako.